Lastiki

Yai la kumi na moja lilichelewa siku mbili.
Wenzake walikuwa wamekwisha kauka manyoya,
wakidonoa unga kwenye kifuniko cha kopo la rangi,
ndipo nalo likapasuka taratibu,
kama mgeni anayebisha hodi
bila hakika kama hii ndiyo nyumba.

Alitoka amepiga msamba.
Mguu mmoja ulielekea Soweto, mwingine Masimba,
na kifua chake kililala sakafuni mwa Kayole
kama kipande cha kitambaa kilichodondoka mezani.
Madoa, kuku wangu, akamtazama kwa jicho moja,
akageuza kichwa, akamtazama kwa la pili,
kisha akamdonoa utosini.
Sikumlaumu. Alikuwa na kumi wa kulea.

Otuoma wa mlango wa tatu alikuja kuanika nguo darini.
Akasema, Mama Kemunto, huyo mvunje shingo,
usimtese bure.
Alisema kwa upole,
kama fundi anayekuonyesha sindano imepinda.
Na sindano iliyopinda hutupwa, kweli.
Ila nimeshona miaka kumi na tisa,
nimeona nguo ngapi zilizokatwa vibaya
zikavalika, tena harusini.

Nikachukua lastiki, ile nyembamba
ya mikono ya sare za shule.
Nikapima kwa jicho:
miguu isibanane akaanguka,
isiachane akarudi msambani,
bali isimame sawa na mabega
kama mtoto anayengoja kuimba wimbo wa taifa.
Fundo huku, fundo kule.
Alilia sauti nyembamba, msumari unaong'oka kwenye ubao.
Nikamwambia, nyamaza, hata mimi nililia.
Sikumweleza zaidi.

Katoni ya sabuni. Taulo kuukuu chini,
maana gazeti huteleza.
Maji yenye chembe za sukari, tone kwa tone,
kwa ncha ya kijiti cha kiberiti.
Na kiini cha yai lililochemshwa.
Hapo nilisita kidogo,
kumlisha kifaranga yai!
Lakini njaa haina ukoo.
Alikula.

Usiku wa pili stima ikapotea mtaa mzima.
Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai Nairobi
unaijua: hupita chini ya mlango,
ikakaa kitandani kabla yako.
Globu ilikufa juu ya katoni
nami nikasikia ile sauti nyembamba ikipungua.
Nikafungua dirisha kiasi cha kiganja,
nikawasha makaa machache,
nikayamimina kwenye pasi yangu ya zamani
na kuiegesha ubavuni mwa katoni.
Nilikaa macho hadi alfajiri,
nikipeleka mkono, nikiurudisha,
hapa moto mno, hapa bado.
Tumbo la chuma likawa mama,
nami yaya wa chuma.

Kemunto aliamka kwenda haja,
akachuchumaa kando yangu na blanketi lake.
Mama, akitembea,
atatembea kama wewe?

Nilitazama cherehani gizani,
kanyagio lake lililolika upande mmoja tu,
upande wa mguu unaonitii.
Nikamjibu: Akitembea, atatembea.
Akaridhika, au alisinzia.

Siku ya tano nilikata fundo.
Alisimama.
Akayumba, akakaa, akasimama tena
kana kwamba ameudhika.
Kisha akakimbia,
upande kidogo, kama mshono usionyooka,
moja kwa moja hadi miguuni mwa Bi Wambeti
aliyekuja kujaribu suti ya ubatizo,
akadonoa kifungo cheupe akidhani ni mahindi,
akakitema.
Shukrani yenyewe ndiyo hiyo.

Ile lastiki nilitaka kuiambia hadhira kuwa nimeitunza
kwenye kikopo cha vifungo.
Uongo. Lastiki ni pesa.
Niliifua, nikaiunga na kipande kingine,
na sasa imo ndani ya mkono wa sare
ya mtoto fulani wa darasa la tatu
anayeinua mkono kujibu swali
wala hajui.